Mboloko kwenye Kona ya Daftari

Nilipokuwa shule ya msingi Yahuma, daftari langu la hesabu lilikuwa na mboloko kwenye kona ya chini, ukurasa baada ya ukurasa. Mboloko ni yule paa mdogo wa msituni, mjanja wa hadithi za koko (bibi au babu), anayemzidi chui akili kila jioni. Ukizipeperusha kurasa kwa kidole gumba, anakimbia. Siku moja alijikwaa. Ukurasa wa 19 niliuchana kufungia karanga, na hapo nikajua kwamba mchoro mmoja ukikosekana mnyama huvunjika mguu.

Ufundi wa katuni za sinema umo humo wote. Katika sekunde moja ya filamu hupita picha 24. Mchoraji anayejihurumia huutumia kila mchoro mara mbili, akabakiwa na 12. Hata hivyo dakika moja inamdai michoro 720, kila mmoja ukiachana na mwenzake kwa unywele tu. Jicho halina shukrani: kazi ya siku nzima huimeza kabla halijapepesa.

Walt Disney aliijua bei hiyo. Oktoba 1923 yeye na kaka yake Roy walifungua studio Los Angeles, mmoja akiota, mwingine akihangaikia hela. Mwaka 1928 msambazaji alimpokonya sungura wake, Oswald, kwa kuwa kimkataba hakuwa wake, na wachoraji wengi wakamfuata sungura. Ndipo akaja panya Mickey. Watu husahau kwamba mkono uliomchora ni wa Ub Iwerks. Walt alimpa sauti. Novemba mwaka huohuo panya alionekana akipiga mluzi kwenye usukani wa meli ya mtoni, meli ya bomba la moshi ambayo mzee yeyote wa bandari ya Kisangani angeitambua.

Tangu hapo Disney hakumwachia mtu mnyama wake tena. Panya alizaa vitabu, saa za mkononi, vipindi vya televisheni, na mwaka 1955 bustani nzima huko California. Walt alifariki 1966. Roy, mzee tayari, aliahirisha kustaafu ili amalize bustani ya pili, Florida, akataka iitwe kwa jina kamili la mdogo wake.

Mboloko wetu hana hatimiliki. Miaka ya 1950 padre Mbelgiji, Alexandre van den Heuvel, alimtia kwenye katuni za rangi, na makoko wakaendelea kumsimulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Disney naye alichota kwenye kisima cha wengine, maana Snow White ya 1937 ni ngano ya Wajerumani. Ila yeye akishachota hujenga uzio. Bado sijaamua kama namwonea wivu.

Ninayemsifu bila kusita ni Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, mzaliwa wa Lubefu. Mwaka 1988 alianzisha Studio Malembe Maa. Malembe kwa Kilingala ni polepole, na katika kazi hii sijasikia jina la studio lenye ukweli kuliko hilo. Mwaka 1991 akatoa filamu ya chura anayekwenda ukweni, hadithi ya Watetela, kisha akageukia uporaji wa Kinshasa wa Septemba mwaka huo. Himaya hakujenga. Alimfanya chura atembee, na anayedhani hilo ni jambo dogo achukue daftari ajaribu.

Mwanangu anajaribu, hapa Kisangani. Simu ameifunga kwa kamba chini ya kiti, ikitazama sakafuni. Chini yake kuna mboloko wa karatasi aliyekatwa kwa mkasi, masikio kando, miguu kando. Anasogeza sikio kwa ncha ya ukucha, anapiga picha, anasogeza tena. Jana niliinama nione.

“Papa, usipumue.”

Sikio lilikuwa limeshapeperuka chini ya kabati.