Kilomita za Mraba 17.69

Mwaka 2008, watafiti waliokuwa wakimfuatilia kipunji katika misitu ya kusini mwa Tanzania walitangaza hesabu yao: kima hao walikuwa 1,117, na eneo lote wanalokaa duniani lilikuwa kilomita za mraba 17.69. Waliosoma habari ile walishtushwa na namba ya kwanza, na walikuwa na haki. Ninayoirudia mimi ni ya pili, hasa zile tarakimu mbili baada ya nukta. Hilo ni eneo dogo kuliko mraba wa kilomita nne na robo kila upande, tena limekatika vipande kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, msitu wa Livingstone na msitu wa Ndundulu ulio mbali kule Udzungwa. Ili kuufikia usahihi huo, watu walikaa msituni zaidi ya saa 2,800 wakiyafuata makundi ya kima wanaopita juu kabisa ya miti, kwenye ukungu na miinuko ambayo mtu huipanda kwa kushika mizizi. Nyuma ya ile .69 kuna mtu aliyesimama chini ya mti fulani, akahakikisha, kisha akaandika kwamba kundi hili mwisho wake ni hapa.

Kuchora ramani ya makazi ya wanyama ni kazi isiyoimbwa. Sifa humwendea anayemgundua mnyama, au waziri anayetia saini tangazo la hifadhi. Katikati yao yupo mchoraji, na kazi yake huanza kwa kusikiliza. Kipunji alijulikana kwa wawindaji wa Kinyakyusa kabla sayansi haijamjua. Walimtaja kwa jina na kumweleza, lakini katika masimulizi yao wanyama wa kweli na wa kimizimu huenda pamoja, na mgeni hakuweza kujua mara moja huyu ni wa kundi lipi. Watafiti hawakulipuuza jina lile. Waliingia Rungwe mwaka 2003 na kumkuta: kima wa kahawia mwenye manyoya marefu na kishungi kilichosimama kichwani, mlio wake mzito, nusu kubweka nusu honi. Mwaka 2004 watafiti wengine, waliokuwa na shughuli zao Ndundulu, walimwona kima huyohuyo umbali wa kilomita zipatazo 350. Mwaka 2005 habari zake zilichapishwa katika jarida la Science, na mwaka uliofuata ikathibitika kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima yeyote wa Afrika tangu 1923.

Sasa tazama tatizo lililomwangukia mchoraji. Njia ya kawaida ya kukisia makazi ya mnyama ni kuchukua mahali alipoonekana, kupima mwinuko na aina ya uoto wa pale, kisha kutafuta kwa picha za satelaiti mahali pengine panapofanana napo. Huko Rungwe na Livingstone kipunji alionekana kati ya mita 1,750 na 2,450 juu ya usawa wa bahari. Ndundulu alikuwa kati ya mita 1,300 na 1,750. Ukiichora ramani kwa vipimo vya Rungwe peke yake, Ndundulu yote inafutika. Ukitumia vipimo vya Ndundulu, unaanza kupaka rangi misitu mingi ambayo hajawahi kukanyaga. Satelaiti huona msitu, lakini haimwoni kima. Kwa hiyo kila kiraka kilichopendekezwa na kompyuta kiliwahitaji watu wa kwenda kukitembelea, na viraka vingi jibu lake lilikuwa hapana.

Hapana hiyo ndiyo sehemu ya ufundi huu ninayoiheshimu kuliko zote. Mtu akitembea msituni siku nzima bila kumwona mnyama, ameshika nini mkononi? Huenda mnyama hayupo. Huenda yupo, amejificha, au hutoka usiku, au alimsikia mtu huyo akija akaondoka. Mchoraji mzembe ataandika sifuri na kupita. Mchoraji mzuri atarudi mahali palepale mara kadhaa, atahesabu ni katika ziara ngapi mnyama alionekana mahali ambapo inajulikana kwamba yupo, na kutokana na hapo atakokotoa uwezekano wa kumkosa mnyama aliyepo. Hesabu za namna hii zilianza kuenea miaka ya 2000, na zimeibadilisha kazi yote, kwa sababu zimempa mtafiti njia ya kupima kutojua kwake mwenyewe na kuonyesha kwenye ramani kipimo hicho kiko wapi.

Chombo kilichosaidia sana ni kamera ya kutega. Katika msitu wa Mwanihana, upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, tangu 2009 kamera zimekuwa zikitegwa kila mwaka katika vituo 60, kituo kimoja kwa kila kilomita mbili za mraba, na kila kamera hukaa porini siku 30. Kuitega kunahitaji mkono uliozoea. Fundi hutafuta mapito, yaani kijia chembamba ambapo majani yamelala na udongo umekanyagika. Huifunga kamera kwenye shina karibu na usawa wa goti, kwa sababu ikiwa juu mno itampita paa mdogo, na ikiwa chini mno itapigwa na matope ya mvua. Hufyeka vijani vilivyo mbele yake kimoja kimoja, maana kamera huamshwa na joto linalotembea, na jani lililopigwa na jua likatikiswa na upepo linaweza kujaza kadi nzima kwa picha za bure. Kisha hutambaa kwa magoti na mikono mbele ya kamera, kama mnyama atakavyopita, aone kama taa ndogo itawaka. Asipotambaa, siku 30 zinaweza kwenda bure na asijue mpaka arudi.

Udzungwa imewalipa watu wa namna hiyo. Minde, paa mkubwa wa msituni asiyepatikana nje ya Tanzania, alipigwa picha yake ya kwanza porini huko mwaka 2003 kwa kamera ya kutega. Mwaka 2005 kamera zilizotegwa Ndundulu zilileta picha ya sange mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko sange wote waliokuwa wakijulikana, mwenye uzito wa gramu 700 hivi. Mwaka 2008 alitambuliwa rasmi kuwa spishi mpya. Mnyama mkubwa kiasi hicho anayetembea mchana kwenye majani makavu, na hakuna aliyekuwa amemwandika!

Makazi yakishachorwa, ramani ya pili huwekwa juu ya ya kwanza, ile ya mipaka ya hifadhi, na palipobaki nje panatazamwa. Njia hii ilipata sura yake Hawaii mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale mwanabiolojia J. Michael Scott na wenzake walipochora maeneo ya ndege wa misituni waliokuwa hatarini kutoweka, wakakuta kwamba hifadhi zilizokuwepo ziligusana nayo kidogo mno. Hifadhi zilikuwa mahali pamoja, ndege mahali pengine. Mwaka 2004 zoezi kama hilo lilifanyika kwa dunia nzima. Wakati huo hifadhi zilichukua asilimia 11.5 ya nchi kavu, na bado zaidi ya spishi 1,400 za wanyama wenye uti wa mgongo hazikuwa na hata kipande kimoja cha makazi yao ndani ya hifadhi yoyote.

Ramani za dunia nzima nina mashaka nazo, ingawa naona faida yake. Zinapaka rangi kwa ukarimu. Doa linalofunika wilaya nzima humfanya mnyama aonekane amelindwa kwa sababu tu hifadhi moja imeliingia doa hilo pembeni, hata kama yeye mwenyewe amebanwa kwenye korongo moja nje ya mpaka. Ni mchoro wa karibu, kama ule wa kipunji, unaomwambia mtunga sera mahali pa kuweka mguu. Ulionyesha kwamba wengi wao wako Rungwe na Livingstone. Livingstone ilikuwa imeshaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Rungwe ulibaki kuwa msitu wa akiba wa kawaida, na mwaka 2009 ukapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Ulionyesha pia Bujingijila, shingo nyembamba ya msitu iliyochakaa inayounganisha pande hizo mbili, ambayo ikikatika kila upande utabaki na kima wake peke yao. Hesabu iliyorudiwa miaka zaidi ya kumi baadaye ilikuta kipunji wa Rungwe na Kitulo wameongezeka sana.

Si kila pengo hujazwa haraka hivyo. Msitu wa Magombera, chini ya milima ya Udzungwa kwenye bonde la Kilombero, una mbega wekundu na miti adimu. Wanasayansi walishauri ulindwe tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Ulipata hadhi ya Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2019. Katika miaka hiyo arobaini walikuwepo watu walioendelea kuingia, kuhesabu, kupima na kuchora upya, huku msitu ukipungua na mashamba ya miwa yakisogea. Kama wangeacha, wakati ulipowadia kusingekuwa na mstari wa kumwonyesha mtu.

Leo kazi kubwa imehamia kwenye shoroba, mapito yanayounganisha hifadhi moja na nyingine. Tathmini ya taifa iliyotolewa mwaka 2022 ilitaja shoroba 61 Tanzania na kuzipa kipaumbele 20. Nyingi zinapita katika ardhi ya vijiji, na hapo mchoraji hukutana na kipimo kigumu kuliko satelaiti yoyote. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji hauna nguvu mpaka upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, na wazee waliokaa pale wanaijua ardhi hiyo kwa majina ya mito, vichuguu na mibuyu. Mchoraji akibandika ramani ukutani, swali la kwanza ni shamba la nani limeingia ndani ya mstari. La pili ni kwa nini mstari umepita hapa wakati tembo hupita kule, ng'ambo ya kijito. Mchoraji anayeijua kazi yake huchukua penseli, humwomba aliyeuliza aje mbele aonyeshe kwa kidole, na kesho yake wanakwenda wote wawili kijitoni kutafuta nyayo kabla mstari haujachorwa kwa wino na vigingi havijachimbiwa.