Chemirocha Hakuja

Sauti Sol walipoaga Uhuru Gardens, Novemba 2023, tulijua mapema, tukanunua tiketi, tukalia kwa mpango. Fiti. Lakini shoo ya kuaga ninayoipenda zaidi ni ya Kapkatet, 1950, na haikuwa na jukwaa. Mwingereza Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimbia Jimmie Rodgers, Mmarekani wa kwenye santuri. Kwao jina likawa Chemirocha. Tracey anasema walikuwa wanamwita aje acheze. Na jamaa alikuwa amekufa tangu 1933!

Isikize "Chemirocha III". Kibugandet inakwaruza, sauti ni nyembamba, inaisha kabla hujakaa vizuri. Hawaombolezi, wanaimba kana kwamba yuko njiani, na hapo ndipo inauma kuliko taa zote za Nairobi. Kapkatet waliletewa rekodi yao miaka 65 baadaye.