Hatua ya Sita Iliyoifungia Nje 5

Kuchukua kigawo kikubwa lilikuwa kosa, na ushahidi uko hatua ya sita. Mwanzo wa mfuatano wa Euklidi na Mullin mnaujua: 2, 3, 7, 43. Zidisha zote, ongeza 1, chukua kigawo tasa, endelea. Hadi hapo hakuna la kulaumu.

Zao la hizo nne ni 1,806. Ongeza 1: 1,807, yaani 13 × 139. Albert Mullin, alipouliza maswali yake kuhusu mfuatano huu mwaka 1963, aliacha njia mbili wazi, ya kigawo kidogo na ya kikubwa. Wa kikubwa wakabeba 139. Sasa tazameni: 1,806 × 139 + 1 ni 251,035, nayo ni 5 × 50,207. Tano imekuja yenyewe, imebisha hodi, na kanuni ikaipita ikachukua 50,207!

Wala haitarudi. Ili 5 iwe kigawo tasa kikubwa kuliko vyote, zao likishaongezwa 1 lisiwe na vigawo tasa vingine ila 2 na 3. Lakini hizo zimo ndani ya zao. Ukigawa kwa mojawapo hubaki 1. Basi namba iwe 5 tupu, au 25, au 125, na kuendelea. Toa 1: 4, 24, 124, zote zinagawanyika kwa 4. Zao letu lina 2 moja tu, haligawanyiki kwa 4 kamwe. Mwaka 2012 Andrew Booker akathibitisha kwamba tasa zinazoachwa na njia hiyo hazina idadi.

Huu ni ulevi uleule wa ukubwa ninaoulalamikia kila mara, wa kushangilia tasa kwa wingi wa tarakimu zake. Euklidi hakuwa nao. Hakudai hata kwamba zao likiongezwa 1 huwa tasa, ingawa wapo wanaomsingizia hadi leo. 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 + 1 ni 30,031, yaani 59 × 509. Alichosema ni kwamba ipo tasa nje ya orodha yako, na hakubagua ipi.

Njia ya kigawo kidogo ilichukua 13, kisha 53, na ya saba ikawa 5. Njia hiyo bado inadaiwa 41, ambayo haijaonekana, na hakuna aliyethibitisha kwamba haitakuja.