Chungu kikigongwa: ombi moja la Bondeni lilivyotengenezwa

Rasimu ya kwanza ilianza hivi: "Yah: Maombi ya kujiunga na mafunzo. Husika na kichwa cha habari hapo juu." Zikafuata jina, umri, dhehebu, kata na tarafa, kisha sentensi moja ndefu kwamba mwombaji ni mtoto wa kike wa familia ya kipato cha chini na atashukuru sana akifikiriwa. Aliyeiandika ni mpwa wangu, mtoto wa dada, anayeishi upande wa Matema, huku Bondeni, Kyela. Ni fundi mitambo wa kwaya kwa miaka kadhaa sasa. Katika barua nzima neno "mikisa" halikuwemo hata mara moja.

Nafasi aliipata. Mradi wenyewe siutaji, maana bado unapokea watu na sitaki kuonekana napiga debe. Ni mmoja wa ile inayowatafuta mafundi wa sauti kutoka kwa watu ambao fani hii haijazoea kuwaona: wanawake, wenye ulemavu, wanaoishi mbali na miji mikubwa. Ninalochambua hapa ni kazi iliyofanyika kati ya barua ile ya "husika" na fomu iliyotumwa, kwa sababu ilikuwa kazi ya ufundi kama ilivyo kufunga muziki uwanjani.

Milango ya namna hii katika ukanda wetu si mingi, lakini ipo. Zanzibar kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanza 2002. Kampala, DJ Rachael alianzisha Femme Electronic kuwafundisha wanawake udijei na utayarishaji wa muziki. Nairobi, watu wa Santuri walifungua chuo chao cha muziki wa kielektroniki mwaka 2021. Ukitoka nje ya Afrika Mashariki milango ni mingi zaidi, na foleni ni ndefu kupita kiasi. Mwaka 2018 Spotify walipofungua Sound Up, mafunzo ya podikasti kwa wanawake wasio Wazungu nchini Marekani, walipokea maombi yapatayo 18,000 kwa nafasi 10. Piga hesabu kidogo. Msomaji akitumia dakika mbili tu kwa kila ombi, hizo ni saa 600, yaani siku 75 za kazi bila kuinua kichwa. Mtu aliyesoma kwa siku 40 akakutana na "husika na kichwa cha habari hapo juu" hatasoma mstari wa pili.

Swali lililomsumbua mpwa wangu kuliko yote lilikuwa lile la kundi lako: je, unatoka katika watu wenye uwakilishi mdogo, na kwa namna gani? Alilijibu kwa unyonge, tunavyojibu karibu wote. Fomu ikikuuliza wewe ni nani, unaeleza unavyoteseka. Nikamwambia afute. Akarudi na jibu la pili, safari hii limejaa takwimu. Alikuwa ameupata utafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California wa 2018, uliopitia nyimbo 600 zilizovuma Marekani kuanzia 2012 hadi 2017 na kukuta wanawake ni asilimia 2 tu ya watayarishaji wa nyimbo 300 kati ya hizo. Takwimu ni ya kweli na inatisha, ila si yake. Msomaji wa fomu anaijua kwa moyo, pengine ameshaiona kwenye maombi mia moja tangu asubuhi.

"Sasa mjomba, niandike nini? Huku nani amewahi kuhesabu?"

Yeye mwenyewe alikuwa amehesabu, bila kujua. Ana kaunta buku lenye jalada gumu aliloanza kulijaza baada ya waya mbili za maiki kupotea kwenye harusi na lawama kumwangukia yeye. Tangu siku hiyo, kila kazi anaandika tarehe, mahali, nani kachukua nini, maiki ngapi, spika ngapi, umeme au jenereta, na pembeni kwa herufi ndogo kilichoharibika na alivyokitengeneza. Lilikuwa daftari la kujikinga na lawama. Kwa macho yangu lilikuwa orodha ya kazi ambayo mafundi wengi wa Dar es Salaam hawana.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Bondeni, kama kwingine nchini, mwanamke anaingia kwenye sauti kwa mlango wa kanisa. Kwaya ina mikisa ya chaneli nane au kumi na mbili, mwenye zamu hajaja, binti aliyekaa karibu anaambiwa "hebu shika hapo", na kutoka siku hiyo ndiye fundi. Lakini kwaya ikirekodi, kwenye jalada utasoma jina la mwenyekiti, mwalimu, waimbaji wa kuongoza, mpiga kinanda, mwenye studio na aliyepiga video. Aliyevuta waya na kukaa kwenye mikisa tangu saa kumi na mbili asubuhi hayumo. Sidhani kama kuna ubaya uliokusudiwa. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kazi ile ina jina. Matokeo yake, akiulizwa miaka sita baadaye "umefanya kazi gani?", hana karatasi ya kuonyesha.

Jibu la tatu kwa swali la uwakilishi likawa la mistari minne. Aliandika kwamba katika kazi zote zilizomo daftarini hajawahi kumkuta mwanamke mwingine kwenye mikisa, na mara kadhaa mwenye shughuli alimpita akaenda kumuuliza mvulana anayebeba spika kama muziki uko tayari. Akaambatanisha picha za kurasa tatu, zikiwa na madoa ya maji na kila kitu. Neno "maskini" likaondoka lenyewe.

Tuje kwenye sauti. Mradi uliomba dakika tatu za kitu ulichorekodi na kukichanganya mwenyewe, pamoja na maelezo mafupi ya maamuzi yako. Chaguo lake la kwanza lilikuwa wimbo wa kwaya uliosukumwa mpaka taa nyekundu, sauti zote mbele, mwangwi wa kompyuta juu ya kila mtu. Si mbaya, inauzika. Lakini ukimuuliza kwa nini kinanda kiko pale kilipo, jibu ni kwamba ndivyo studio wanavyofanya. Hakukuwa na uamuzi ndani yake.

Nilimuuliza ni sauti gani anayoijua yeye ambayo mtu wa Nairobi au London hawezi kuijua. Akafikiri, akasema: vyungu.

Soko la vyungu la Lyulilo, jirani na Matema, hujaa Jumamosi. Wafinyanzi ni wanawake wa Kikisi, wengi wao wa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na Milima ya Livingstone, na mzigo huja kwa mitumbwi. Mnunuzi mzoefu haangalii tu. Anakiinua chungu, anakiegemeza kwenye vidole, anakigonga kwa kifundo na kusikiliza. Kizima hulia na sauti ikabaki kidogo hewani. Chenye ufa, hata usioonekana, hutoa sauti butu inayokatika papo hapo. Kila Jumamosi pale ufukweni watu hupima vitu kwa sikio, na hakuna anayewaita mafundi wa sauti. (Siti binti Saad naye aliuza vyungu kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Sina ushahidi kwamba sikio lake lilinolewa kwa kugonga vyungu, ila napenda kuamini hivyo.)

Basi akaazima rekoda ndogo ya mkononi yenye maiki mbili. Safari ya kwanza alikwenda saa tano asubuhi na kurudi na upepo mtupu. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huja kujaza nafasi. Kwa ngozi yako ni baridi tamu. Kwa maiki ni ngumi. Wengi hudhani upepo unaondolewa baadaye kwa kichujio cha chini ya hezi 80 au 100, na kweli sehemu kubwa ya mngurumo hukaa huko. Lakini upepo ukishasukuma maiki mpaka sauti ikakatwa kichwa, hakuna kichujio kitakachorudisha kilichokatwa. Tena mtumbwi unapogusa mchanga nao hulia chini kabisa, kwa hiyo ukichuja upepo unachuja na mtumbwi.

Safari ya pili alifika saa kumi na mbili, ziwa likiwa limelala. Maiki aliivika kipande cha blanketi la manyoya alichokishona kama kofia ya mtoto. Akarekodi dakika 40 bila kusimamisha, ameshika rekoda kifuani mwa mama mmoja muuzaji aliyemruhusu kukaa naye, kwa sababu alitaka msikilizaji awe upande wa anayeuza. Kiwango alikiweka chini, milio mikubwa zaidi ya vyungu isivuke desibeli 12 chini ya ukomo, ingawa maongezi yalisikika kwa mbali. Ukirekodi kwa biti 24 unaweza kuwa mpole hivyo, utapandisha baadaye bila mchakacho wa kelele.

Kisha ukaja uamuzi ulioshinda ombi, kwa maoni yangu. Hakuweka kompresa. Sheria ya mtaani ni kwamba kila kitu kinapitia kompresa, vikubwa vishushwe na vidogo vipandishwe. Alijaribu, akasikia kwamba chungu kizima na chungu chenye ufa vinafanana: kompresa iliuinua mkia wa sauti ya kile kibovu, na kelele za soko zikaujaza, ukasikika kama mlio. Kwenye maelezo aliandika, nayanukuu kwa ruhusa yake: "Sikutumia kompresa kwa sababu ingemdanganya mnunuzi." Hiyo ni sentensi moja, yenye uamuzi, sababu na matokeo. Ningekuwa mimi ndiye nimesoma maombi kwa siku 40, hapo ningevua miwani.

Mwangwi wa mlima nao aliuacha, kwa sababu pale Livingstone inashuka karibu wima hadi majini, na mtu aliyekaa Lyulilo anaujua mlima kwa masikio. Kiwango cha jumla kilibaki karibu LUFS 23 chini ya sifuri, kipimo cha watangazaji wa Ulaya tangu 2010. Marafiki zake walisema sauti ni ndogo. Ni kweli, ni ndogo. Msikilizaji ana kitufe.

Barua ya mdhamini ilinichekesha. Mwalimu wa kwaya, mzee mwema, aliandika ukurasa mzima kwamba binti huyu ni mwadilifu, anamcha Mungu, hana kundi baya. Akapiga muhuri. Mtendaji wa kijiji naye akapiga wake, ingawa hakuna aliyemwomba. Kwa kazi ya ukarani ingetosha kabisa. Tulirudi kwa mwalimu na swali moja: "Mwalimu, shikamoo. Ile siku ya mkutano mkubwa jenereta ilipozima, nani alifanya nini?" Akasimulia kwa mikono miwili: binti alivyoshusha kwanza sauti zote kwenye mikisa kabla umeme haujarudi ili spika zisipasuke, akawaimbisha wanakwaya bila maiki kwa beti mbili, kisha akapandisha chaneli moja moja. Tukamwomba aandike hayo hayo. Aya moja. Muhuri ulibaki, hatukuweza kumnyima.

Kuhusu faili niseme kwa haraka. Dakika tatu za WAV, hezi 48,000 kwa biti 24 na chaneli mbili, ni karibu megabaiti 52, na fomu ilikubali 20. MP3 ya kilobiti 128 ingekuwa chini ya megabaiti tatu, lakini mfumo huo hupaka matope mbele ya sauti za ghafla, na mlio wa chungu kikigongwa ni sauti ya ghafla kuliko zote. Akatuma ya kilobiti 320, megabaiti saba na kidogo, kutoka steshenari moja ya Ipinda. Saa ya mwisho iliandikwa 23:59 ya Greenwich. Yeye alidhani ni saa tano na dakika 59 usiku kwetu, kumbe ni saa nane na dakika 59. Saa tatu za ziada alizitumia kulala, jambo ambalo nalihesabu kama sehemu ya maandalizi.

Wiki chache baadaye wakamwandikia: amepita hatua ya kwanza, atume rekodi ghafi yote, isiyokatwa, wahakikishe kazi ni yake. Alikuwa hajaifuta, namshukuru Mungu, maana kadi yake ilikuwa imejaa na kidole kilishagusa mara mbili. Dakika 40 ghafi ni megabaiti 691. Alijaribu kuzipandisha kwa simu, bando likaisha kabla ya robo. Asubuhi akampa konda wa basi la Mbeya flashi yenye jina langu na namba ya simu. Basi lilichukua saa tatu. Nilipiga hesabu nikiwa namsubiri konda stendi: ni kama kilobaiti 64 kwa sekunde, bila kukatika hata mara moja.

Flashi ilikuja ndani ya mfuko wa mchele wa Kyela, kilo mbili, ameifukia katikati ili unyevu usiipate. Faili nilizituma jioni ile. Mchele hawakuuomba.