Anza na Kitako

Kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, husema Waswahili. Lakini kilichochongwa na mwingine, kikanunuliwa na mgeni, kikakaa miaka hamsini juu ya kabati la watu huko Ulaya, kisha kikarudi sokoni baada ya mwenyewe kufariki, hicho kina haki ya kukutisha kidogo. Vinyago vya Kimakonde vilivyotoka Dar es Salaam miaka ya 1960 na 1970 sasa vinauzwa kwa mara ya pili na ya tatu, na anayevinunua bila kuvikagua hununua maneno ya muuzaji tu. Ukaguzi wenyewe haupewi heshima. Huonekana ubahili wa wachuuzi. Mimi nauona kuwa ni kusoma, na asiyeweza kukisoma kinyago hajui hata anachokisifu.

Mnunuzi mgeni huuliza kama kinyago ni kizima. Mjuzi huuliza alama hii imeachwa na nani, maana juu ya gogo moja imepita mikono mingi: ya mchongaji, ya jua na baridi, ya aliyekidondosha, na ya aliyekiunga akanyamaza. Chukua vinyago vya shetani, mtindo unaohusishwa na mchongaji Samaki Likankoa. Shetani anaweza kuwa na jicho moja, sikio moja, mkono unaoishia kwenye kiwiko. Mgeni atadhani amevunjika, aombe apunguziwe. Mjuzi hupitisha kidole pale kiungo kinapoishia. Palipokusudiwa na mchongaji pamepigwa tupa na msasa, pana ulaini uleule wa mwili mzima. Palipovunjika pana nyuzi zilizochanika, na rangi ya juu haiwezi kuzilaza. Kwenye nguzo ya ujamaa, ile ya watu waliobebana na kushikana katika gogo moja, hesabu hugeuka, kwa sababu hapo aghalabu mkono una bega ulilolishika. Ukikuta vidole vitatu vimeng'ang'ania bega la mtu na havina mkono wowote nyuma yake, hutahitaji kumuuliza muuzaji kitu.

Kisha kuna mti wenyewe, mpingo. Mita moja ya ujazo ya mpingo hupita kilo 1,200, ndiyo maana kipande chake huzama majini kama jiwe. Kinyago kirefu kinachonyanyuka kwa vidole viwili hakika si mpingo. Ni mti mwepesi uliopakwa weusi. Watu hupenda kusugua kitambaa wakione kikitoka cheusi, eti wamemkamata mwongo, lakini jaribio hilo lina kasoro, kwani hata mpingo halisi hung'arishwa kwa kiwi ya viatu. Afadhali kutafuta palipomeguka na kutazama rangi ya ndani. Hapo napo tahadhari: chini ya gome mpingo una tabaka la rangi ya manjano iliyofifia, na wachongaji wengine huliacha makusudi liwe nywele au nguo. Tabaka hilo ndilo wadudu hulipenda. Matundu makavu ni habari za zamani. Matundu yenye unga laini unaodondoka mezani ni wapangaji ambao bado hawajahama.

Kuhusu nyufa, wapo wanaosema mbao ni mbao, lazima ipasuke, kwa hiyo kuhesabu nyufa ni kujisumbua. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Mpingo hukauka polepole mno, mara nyingi huchongwa ukiwa bado na maji ndani, halafu hupelekwa kwenye nyumba zinazopashwa moto majira ya baridi, ambako hewa ni kavu kuliko ulikotoka. Kupasuka si aibu. Lakini ufa uliojaa vumbi na kingo zilizofifia umetulia tangu zamani, ilhali ufa safi wenye kingo kali bado unatembea, na unaopita shingoni una hatari ambayo ule wa mgongoni hauna. Upo pia ufa usioonekana, uliozibwa kwa supagluu na unga wa mpingo. Mulika tochi kutoka ubavuni, mwanga ulale juu ya kinyago: kiraka hung'aa tofauti na jirani zake. Kuunga si kosa, ila ni lazima kutajwe na kupunguze bei.

Pingamizi gumu zaidi ni la wale wasemao sanaa hupendwa kwa jicho la kwanza, na tochi huua mapenzi. Basi wajibu: anayempenda zaidi mchongaji ni yupi, anayesifu mkono uliobandikwa juzi kwa gundi, au anayejua hasa ni upi aliouchonga yeye? Anayenunua kwa picha kupitia intaneti naye ana njia. Aombe picha yenye mwanga wa ubavuni, uzito kwenye mzani wa jikoni, na picha ya kitako.

Kitako ndicho hasa cha kuanzia, kwa sababu wapambaji hukisahau. Huko hukaa mikwaruzo ya rafu, alama za msumeno, wakati mwingine jina lililochorwa kwa ncha ya kisu. Mikwaruzo ikikosekana kwenye kinyago kinachodaiwa kuwa cha miaka hamsini, na alama za msumeno zikawa mbichi, na jina likawa limekatika katikati, basi gogo hilo lilikuwa refu zaidi.