Altezza RS200: gari iliyotunzwa ao iliyolala tu?

Kuna neno moja wauzaji wa motokari wanalitia kila fasi sawa chumvi: "imetunzwa". Toyota Altezza ya 1999, rangi inang'aa, viti havijapasuka, kadrani inaonyesha kilometa 78,000, basi "imetunzwa sana", na bei inapanda palepale. Napenda tuichambue gari hii, Altezza RS200, pamoja na hilo neno wanaloivalisha, juu vijana wengi waliomaliza lisansi na kupata mshahara wa kwanza wanaiota usiku. Siyo gari ya kupeleka mbolea shambani. Haiko hata gari ya kubeba familia kwenda kijijini. Ni gari ya raha, ya Jumapili asubuhi wakati barabara iko wazi. Mtu akitoa dola zake kwa raha, ni haki yake, sitamhubiria. Lakini anunue kile anachofikiri ananunua.

Tuanze na sifa, maana ziko. Altezza ilitoka Japani mwezi wa 10 mwaka 1998, na ikapata tuzo ya Gari la Mwaka la kule kwa 1998-1999. Mhandisi wake mkuu alikuwa Nobuaki Katayama, mtu aliyefanya kazi pia kwenye Corolla ile ya AE86 ambayo wapenda mbio hawaisahau. Wazo lilikuwa la kweli kabisa: gari ndogo ya milango minne, magurudumu ya nyuma njo yanasukuma, motere ya lita mbili bila turbo. Wakati ule Subaru na Mitsubishi walikuwa wanatafuta nguvu kwa turbo. Toyota hapa walitafuta nguvu kwa mzunguko. Motere ya 3S-GE, iliyotengenezwa pamoja na Yamaha, kwenye RS200 yenye vitese sita za mkono inatoa nguvu farasi 210, lakini inazitoa kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Kumbukeni namba hii.

Maana yake ni nini? Chini ya mizunguko 4,000 gari hii inatembea sawa taksi ya kawaida. Mtu anayetoka kwenye gari ya turbo ataiendesha dakika kumi na kusema imekufa. Haijakufa, njo vile ilivyotengenezwa: inakuomba mguu, inakuomba uchelewe kubadilisha vitese, kisha pale juu inaamka na sauti inabadilika. Kwangu mimi huo ni uzuri wa gari. Ila lazima tuseme ukweli wa barabara zetu. Goma ao Bukavu, kati ya mashimo, pikipiki na mawe, mizunguko 7,600 utaipata wapi? Vitese vya pili vinakutosha siku nzima. Unalipa kilele cha mlima na unaishi bondeni.

Ndani, kadrani imechorwa sawa saa ya mkono ya wanamichezo: vipimo vidogo vitatu vimewekwa ndani ya kipimo kikubwa cha mwendo. Kwa picha ni kizuri sana. Kwa kusoma ukiwa unaendesha, ni kama kutafuta tarehe ndani ya noti ya dawa. Taa za nyuma, hizo ziliigwa dunia nzima, na nafikiri wengi wanainunua paka kwa ajili ya taa.

Sasa tuje kwenye udanganyifu ninaouona mara nyingi zaidi. Altezza si moja. Iko RS200 niliyoeleza, na iko AS200, yenye motere ya 1G-FE ya silinda sita, nguvu farasi 160. AS200 ni gari laini, yenye adabu, na siisemi vibaya. Lakini inavalishwa magurudumu ya RS, inabandikwa herufi za RS nyuma, na kijana anatoa pesa ya RS. Usibishane na muuzaji. Tafuta kibao cha chasi na usome: SXE10 ni RS200, GXE10 ni AS200. Na wale wanaotaka usukani wa kushoto juu Kongo tunaendesha upande wa kuume, wajue kwamba Lexus IS200 iliyouzwa Ulaya ni ndugu ya AS200, na motere yake ni ile ile ya silinda sita.

Halafu neno lenyewe. Ni kweli kwamba Japani inatoa magari mazuri yenye umri. Kule kuna ukaguzi wa lazima, shaken, kwa kawaida kila miaka miwili, na gari ya esanse ikipita miaka 13 kodi yake inaongezeka. Njo maana mtu anaachilia gari ambayo haina ugonjwa. Kwenye minada yao kila gari inapewa karatasi yenye daraja, na herufi R inaonyesha kwamba iligongwa ikatengenezwa. Muuzaji anayekuambia "imetoka Japani moja kwa moja" lakini hana karatasi ya mnada wala cheti cha kuitoa kule, anakuuzia hadithi.

Lakini hata karatasi ikiwepo, kilometa chache si ushahidi wa kutunzwa. Sisi wa agronomia tunalijua jambo hili kwa mbegu. Mfuko unaweza kuwa mpya, kamba haijafunguliwa, na ndani mbegu zimekufa kwa joto na unyevu wa depo. Hatuhukumu mfuko. Tunahesabu mbegu 100, tunazilowanisha, tunaona ngapi zinaota. Gari iliyolala iko vilevile. Mpira wa zile joini unakauka juu haupati mafuta. Mafuta ya freni yanavuta maji ya hewa hata gari isipotembea. Mkanda wa distribisyo unabadilishwa karibu kila kilometa 100,000, lakini miaka nayo inahesabika, na mkanda wa 1999 kwenye gari ya kilometa 78,000 ni mzee aliyevaa suti. Mipira ya magurudumu ina namba nne ubavuni: 2314 maana yake juma la 23 la mwaka 2014. Haijalishi meno yake yamebaki marefu kiasi gani, mpira huo umezeeka.

Kwa hiyo jaribio la kuota la Altezza ni hili. Ufike ukute motere imepoa, kwa sababu motere ya moto inaficha makelele. Uguse kapo mbele ya kuwasha. Uinue zulia la koferi uone kutu fasi ya gurudumu la akiba. Uinyanyue mbele na utikise magurudumu, juu rotili za chini za Altezza zinajulikana kwa kuchoka, na mawe yetu hayazihurumii.

Kuna na jambo la esanse ambalo sijasikia muuzaji hata mmoja akilitaja. Motere ya RS200 inabana kwa 11.5 kwa 1, na Japani inakunywa esanse ya daraja la juu. Ukiipa esanse ya kadhafi, ile ya bidoni pembeni ya barabara, motere inaanza kugonga, na kompyuta yake inachelewesha moto ili ijilinde. Hapo nguvu 210 ulizonunua zinapungua bila mtu kukuibia.

Najua watakaojibu: "Ni placement, ndugu, magari ya Kijapani yanapanda bei." Kweli, Supra ya sinema The Fast and the Furious iliuzwa dola 550,000 Marekani mwezi wa 6 mwaka 2021. Tena Marekani inaruhusu kuingiza gari yenye miaka 25, kwa hiyo Altezza za kwanza zimeshafungua mlango ule. Lakini bei ile ilikuwa ya sinema na ya mtu aliyeigiza. Altezza iliyopita kwenye mashimo ya kwetu haitapanda meli kurudi. Ukiinunua ili uifiche chini ya shuka ungoje bei, utapoteza raha na pesa pamoja.

Mimi nikiwekewa mbele RS200 ya kilometa 78,000 bila karatasi, na nyingine ya 160,000 yenye kitabu kinachoonyesha mkanda ulibadilishwa lini na mafuta kila mara, nachukua ya pili, hata kama rangi ya kapo imechoka. Rangi inapulizwa garaji kwa siku mbili. Na nitampigia muuzaji simu asubuhi ile kumuomba kitu kimoja tu: asiwashe motere mbele ya mimi kufika.