Karte grafiki kwanza? Hapana, bandugu

Mukitafuta mu intaneti namna ya kujiundia kompyuta ya grafiki na michezo, ushauri karibu wote ni moja: weka makuta mingi mu karte grafiki, mabaki ugawanye. Si uongo. Lakini aliyeandika vile, kwake umeme haukatike.

Sisi wa agronomia tulisoma sheria ya Liebig: mavuno hayafuate mbolea iliyo nyingi, yanafuata ile inayopunguka. Hapa Lubumbashi kinachopunguka ni umeme safi. Unakatika, kisha unarudi na kishindo, na afishi ya kliyenti ulikuwa hujaihifadhi.

Tuangalie karte mbili za NVIDIA. RTX 3060 ya GB 12 inakula mpaka wati 170. RTX 4060 inakula wati 115, lakini memwari yake ni GB 8 tu. Mwenye kufanya Blender na picha nzito anahitaji memwari. Mwenye onduleri ndogo anahitaji wati kidogo. Zile video zinapima mwendo wa michezo tu. Swali la onduleri haziulize.

Kwa hiyo anzia chini: onduleri, alimantasioni ya kweli, RAM ya GB 16, SSD. Karte ije mwisho, kwa makuta inayobaki. Karte ya bei kali bila hivyo ni kama mbegu bora mu udongo wetu wenye asidi, bila chokaa: itaota, lakini usingoje mavuno.